Je, kikundi kidogo cha maigizo kinaweza kusimama kwa kutamba hadithi?

Swali: Sisi ni kikundi cha vijana sita hapa Tanga. Kwa muda mrefu tumekuwa tukiigiza michezo ya uhamasishaji kwa ajili ya mashirika: malaria, lishe, ukatili wa kijinsia. Mradi wa mwisho umekwisha na hakuna dalili ya mwingine. Baadhi yetu tunataka tugeukie utambaji wa hadithi za kwetu, lakini wenzetu wanasema hadithi ni mambo ya watoto, na kwamba bila tamthilia iliyoandikwa na ukumbi wenye jukwaa hatutahesabiwa kuwa watu wa maigizo. Je, tunaweza kusimama kwa kutamba hadithi? Tukiamua hivyo, tuanzie wapi?

Jibu: Ndugu yangu, mnaweza. Kwa maoni yangu, kati ya kazi zote ambazo watu sita wasio na ukumbi wanaweza kuzishika, hakuna inayowafaa kuliko hiyo. Hata hivyo, kabla ya kuanza ni lazima muelewane kuhusu kile mnachokwenda kukimiliki. Kikundi kilichozoea miradi hutunga mchezo mpya kila mfadhili anapofika, na mchezo huo hufa siku mradi unapofungwa. Baada ya miaka kumi kikundi kinakuwa kimetunga michezo mingi, lakini hakina hata mmoja ambao mtu angeomba kuuona tena. Kikundi cha watambaji hujenga akiba, yaani hadithi nane au kumi zilizoiva, ambazo kila mmoja wenu anazijua kwa ndani, na ambazo zinaweza kutambwa wiki hii shuleni Muheza, wiki ijayo kwenye sherehe Pangani na mwakani kwenye tamasha. Karibu kila ushauri nitakaoutoa hapa unatokana na jambo hilo la akiba.

Nianze na pingamizi la wenzako, kwa sababu linastahili kujibiwa kwa heshima. Wanasema kwamba bila andiko na jukwaa hakuna maigizo. Historia ya sanaa za maonyesho katika eneo letu haikubaliani nao. Mwaka 1976 Ebrahim Hussein, ambaye tayari alikuwa ameheshimika kwa tamthilia za mfumo wa kawaida, alichapisha Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, kazi mbili fupi ambazo ndani yake mtu mmoja hubeba simulizi yote kama mtambaji anavyofanya mbele ya hadhira yake. Penina Muhando, katika Nguzo Mama ya mwaka 1982, alimweka jukwaani Bi Msimulizi, ambaye anaingia na kutoka ndani ya kisa na kuzungumza na watazamaji moja kwa moja. Mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1980, wahadhiri na wasanii wa Dar es Salaam waliunda kikundi wakakiita Paukwa, na jina hilo lilitangaza wazi msingi wa kazi yao. Ng'ambo ya ziwa, Robert Serumaga wa Uganda aliongoza kampuni yake, Abafumi, ambayo kwa nyimbo, miondoko ya mwili na simulizi ilizunguka nchi nyingi katika miaka ya 1970, wakati ambapo nyumbani kwao msanii kusema wazi lilikuwa jambo la kuhatarisha maisha. Hao wote walikuwa wameisoma sana tamthilia ya Ulaya. Waliurudia utambaji kwa sababu waliona ndani yake ufundi ambao tamthilia ile haikuwa nao.

Kuhusu hoja kwamba hadithi ni mambo ya watoto, jibu lipo hapohapo mkoani kwenu. Fikirini kisa cha Mbegha, ambacho Abdallah bin Hemedi aliyekusanya Habari za Wakilindi, yaani za ukoo uliotawala Usambaa, alikiandika kwa Kiswahili mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Mbegha anazaliwa kigego, yaani mtoto anayedhaniwa kuwa na mkosi, meno ya juu yakitangulia kuota. Ndugu zake wanamnyima urithi kwa sababu hiyo. Anaondoka Nguu na mbwa zake, anaishi maporini kwa uwindaji, anapanda milima ya Usambaa, anawagawia watu nyama na wao wanampa vyakula vya shambani, na mwishowe, baada ya kumuua simba huko Vuga, anafanywa mtawala. Ndani ya kisa hicho mna dhuluma ya urithi, ukimbizi, mgeni anayejipatia utii wa watu kwa ukarimu, na swali zito la jinsi utawala unavyoanza. Mtu mzima yeyote wa Lushoto au Korogwe ana la kusema juu ya mambo hayo. Kosa lililotufikisha hapa ni kwamba shule ziliifanya hadithi kuwa kipande cha kitabu cha darasa la pili, na redio ikaipeleka kwenye kipindi cha watoto, hata tukasahau kwamba katika baraza la jioni wazee ndio waliokuwa wasikilizaji wakali kuliko wote, maana walikuwa wanakijua kisa na walikuja kupima namna kinavyotambwa.

Sasa tuingie kwenye ufundi wenyewe, na nitatumia hadithi moja inayojulikana karibu kila mahali katika pwani yetu na bara. Msichana anakwenda ufukweni na wenzake kuokota makombe. Anapata kombe zuri, analiweka juu ya jiwe, analisahau. Wenzake wanakataa kurudi naye, basi anarudi peke yake huku akiimba ili asiogope. Juu ya jiwe amekaa zimwi. Zimwi linamwambia asogee aimbe tena, linamkamata, linamtia ndani ya ngoma, kisha linazunguka vijijini: likipiga ngoma, mtoto anaimba humo ndani, na watu wanalilisha wali na kuku kwa sababu hawajapata kusikia ngoma yenye sauti tamu namna ile. Hatimaye linafika kijijini kwa wazazi, mama anaitambua sauti ya mwanawe, zimwi linashibishwa hadi linalala, mtoto anatolewa, na ndani ya ngoma vinawekwa vitu vya kuuma.

Kikundi kilichozoea michezo ya uhamasishaji kitaanza kwa kugawa nafasi, kutafuta kinyago cha zimwi na kuchora bahari kwenye shuka. Msifanye hivyo. Hadithi hii inahitaji ngoma moja katikati na wimbo mmoja, basi. Ngoma hiyo ndiyo jiwe, kisha ndiyo gereza, kisha ndiyo kitega uchumi cha zimwi, na mwisho ndiyo adhabu yake. Anayemwakilisha msichana haingii ndani ya ngoma. Anaketi nyuma yake, mgongo kwa watazamaji, na kuanzia hapo hatumwoni uso tena hadi atakapotolewa. Tunabaki na sauti tu, na kwa kuwa uso haupo, kila msikilizaji anauumba mwenyewe.

Wimbo nao unaimbwa mara nne, na hapo ndipo penye moyo wa kazi yote. Mara ya kwanza unaimbwa na mtoto anayejipa ujasiri njiani, kwa kasi na kwa sauti. Mara ya pili anauimba mbele ya zimwi, na sauti inakatikakatika. Mara ya tatu unatoka nyuma ya ngoma, umechoka, huku aliyeshika nafasi ya zimwi akipiga kwa furaha na kuwaomba watazamaji waitikie. Kama mmewafundisha vizuri tangu mwanzo, wataitikia, watapiga makofi, na watoto watacheza. Mara ya nne mama anausikia. Anasimama, haimbi. Wapigaji wanaendelea kidogo, kisha mmoja baada ya mwingine wananyamaza. Katika kimya hicho watu wazima waliokuwa wakipiga makofi wanatambua kwamba walikuwa wakishangilia sauti ya mtoto aliyefungwa. Hakuna hotuba juu ya utumikishwaji wa watoto itakayofikia nguvu ya dakika hiyo, na ninawasihi msiiharibu kwa kuongeza sentensi yoyote ya mafunzo baada yake. Kikundi chenu kimeishi kwa ujumbe miaka mingi. Tabia ya kuhitimisha kwa ujumbe itakuwa ngumu kuliko zote kuiacha.

Kuitikia huko hakuji kwenyewe. Paukwa, pakawa, hadithi hadithi, hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea: maneno haya yana kazi ya kuwapa watu ruhusa na mazoezi ya kusema kwa sauti mbele za wenzao. Kikundi kinachoyasema kwa haraka kama salamu ya mkutano kinaipoteza nafasi hiyo. Yasemeni, subirini, yarudieni hadi mtu wa nyuma kabisa aitikie, kisha fundisheni mstari wa wimbo mtakaouhitaji baadaye. Wataalamu wetu wa fasihi simulizi humwita mtendaji fanani na wasikilizaji hadhira, na katika utambaji pande hizo mbili zinaitunga kazi kwa pamoja. Kwa hiyo macho ya fanani yanapaswa kukutana na macho ya watu, si kuelea juu ya vichwa vyao kama tunavyofundishwa kufanya kwenye ukumbi wenye taa kali.

Lugha nayo inadai uangalifu. Kiswahili kimempa mtambaji kiambishi cha -ka-, ambacho kinakisukuma kisa mbele: akaenda, akafika, akatazama, hola. Msururu huo ukirefuka bila kukatizwa, hadhira inasinzia. Ukatizeni kwa tanakali ya sauti, kwa mhusika kusema kwa kinywa chake mwenyewe, au kwa kimya. Msiogope pia kutumia lahaja na lugha za mkoa wenu pale wazee wanapozijua: Kimtang'ata, Kidigo, Kibondei, Kizigua, Kisambaa. Wimbo ubaki katika lugha uliyozaliwa nayo hata kama simulizi imehamia Kiswahili sanifu, kwa kuwa wimbo uliotafsiriwa mara nyingi hupoteza mapigo yake, na mapigo hayo ndiyo yanayokumbukwa na mtu anaporudi nyumbani.

Kuhusu mazoezi, msiandike hadithi neno kwa neno. Andikeni mtiririko wa matukio kwenye ukurasa mmoja, kisha mkariri mambo matatu tu kwa usahihi kamili: ufunguzi, nyimbo, na hatua za mwisho za kisa. Yaliyobaki yasemwe kwa maneno ya siku hiyo. Ndivyo vilivyofanya kazi vikundi vikubwa vya burudani vya Dar es Salaam vya miaka ya 1980 na 1990, kama Muungano na baadaye Tanzania One Theatre, ambavyo maigizo yao yalijengwa juu ya mpangilio uliokubaliwa na si juu ya andiko, na bado watu walilipa kiingilio kuyaona sambamba na ngoma, kwaya na sarakasi. Kila hadithi ijulikane na watambaji wawili angalau. Vikundi vidogo vingi havivunjiki kwa ugomvi. Vinavunjika mmoja anapopata ajira Arusha na kuondoka na nusu ya kazi kichwani mwake. Vilevile kila mmoja wenu, bila ubaguzi, ajifunze kupiga ngoma na kuongoza wimbo.

Fanyeni mazoezi mahali pa wazi, watu wakiwaona. Huko Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya, mwaka 1977, wanakijiji na wafanyakazi walipoandaa tamthilia ya Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda, pamoja na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, mazoezi yalikuwa wazi kwa kila mtu, na wazee waliwasahihisha waigizaji lugha, nyimbo na hata namna mtu wa rika fulani anavyokaa. Serikali iliyafuta maonyesho hayo mwaka uleule, na mwaka 1982 jukwaa lao likabomolewa, jambo linalotosha kuonyesha kwamba maigizo ya kijijini si mchezo mdogo. Kwenu faida itakuwa ya kawaida zaidi: bibi mmoja atasimama njiani, atawaambia kwamba kwao kisa hakikuishia hapo, na mtaondoka na toleo bora.

Hapo tunafikia suala la kukusanya. Nendeni kwa wazee mkiwa na kinasa sauti, simu inatosha, lakini nendeni kwanza bila kuwasha. Ombeni hadithi, sikilizeni, rudini siku nyingine kwa ruhusa ya kurekodi, na mtaje bayana mnachotaka kuifanyia. Andikeni jina la msimulizi, kijiji na tarehe. Mnapotamba mbele za watu, mtajeni aliyewapa. Hadithi ikianza kuingiza fedha, msimulizi apate sehemu yake, hata kama hakuiomba. Linganisheni pia na matoleo ya zamani: mkusanyo wa Edward Steere wa hadithi za Zanzibar uliochapishwa London mwaka 1870 unaonyesha jinsi visa vilevile vilivyotambwa miaka 150 iliyopita, na mara nyingine mtakuta humo tukio ambalo kwenu limesahaulika.

Mtakutana na hadithi zinazowaumiza. Nyingi zinamwadhibu msichana kwa udadisi, au zinamfanya mama wa kambo kuwa shetani bila sababu. Mimi sipendelei kuzisafisha kwa kubadili mwisho ili umpendeze mtu wa shirika. Afadhali mtambaji asimamishe kisa kabla ya adhabu na kuiuliza hadhira: je, alistahili? Acheni wabishane, kisha malizeni kama hadithi inavyomalizika. Mabishano hayo ni sehemu ya onyesho. Katika mradi wa Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 hadi 1983, wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya jambo la namna hiyo kuhusu mimba za wasichana: wanakijiji wenyewe waliuchambua mzizi wa tatizo, wakalitengenezea maonyesho kwa sanaa zao, na mjadala ukafuata. Tofauti kati ya kazi ile na michezo mingi ya uhamasishaji iliyokuja baadaye ni kwamba kule jibu halikuwa limekwisha kuandikwa ofisini.

Fedha. Sitawadanganya kwamba kiingilio pekee kitawalisha watu sita mwaka wa kwanza. Shule ndilo soko lenu la kwanza, na kwa shule andaeni onyesho linaloingia katika kipindi cha dakika 40, pamoja na nafasi ya maswali, lililofungamanishwa na mada ya fasihi simulizi ambayo wanafunzi wa sekondari wanaisoma hata hivyo. Mwalimu wa Kiswahili atawapokea kwa mikono miwili, kwa sababu kitabu chake kinaeleza utambaji bila kumwonyesha mwanafunzi hata mtambaji mmoja. Kwa watu wazima andaeni jioni ya hadithi tatu, ya kati iwe ya kuchekesha, yote isizidi saa moja na nusu, mahali ambapo watu tayari wanakutana. Msikodi ukumbi. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walipoanzisha maigizo ya kusafiri, walifuata watu walipo, mijini na vijijini, Uganda na Kenya, kwa lugha kadhaa. Kikundi kisicho na dekoresheni za kubeba kina uhuru huo, nao unapunguza gharama kuliko mbinu nyingine yoyote. Mkitamba nje jioni, jua liwe usoni mwenu na si machoni mwa watazamaji.

Mashirika yakirudi, na yatarudi, msiyakatae. Yaambieni kwamba mna hadithi zilizo tayari na kwamba mnaweza kuchagua inayogusa mada yao, kisha kuendesha mjadala baada yake. Katika mkataba wekeni mambo mawili: hadithi inabaki mali ya kikundi baada ya mradi, na hakuna mtu wa shirika atakayeingiza kauli mbiu ndani ya kisa. Hesabuni siku za mazoezi kama gharama, pamoja na nauli na chakula cha siku hizo, maana vikundi vyetu vina mazoea ya kulipwa kwa saa ya onyesho tu na kuuchukua mwezi wa maandalizi kama sadaka. Na kwa kuwa hadithi iliyoiva haihitaji mwezi huo tena, onyesho la ishirini litawaachia fedha ambayo la kwanza halikuwaachia.

Mambo ya usajili hayakwepeki. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliundwa kwa Sheria Namba 23 ya 1984, nalo ndilo linalosajili vikundi vya sanaa. Michezo ya kuigiza inaguswa pia na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya 1976. Ada na utaratibu hubadilika, kwa hiyo anzieni kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yenu, ambaye mtamhitaji tena kila mtakapoomba kibali cha kutamba mahali pa wazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, inalinda kazi mnayoitunga, na ina sehemu inayohusu sanaa za jadi zinazorithishwa. Ombeni maelezo COSOTA, ofisi inayosimamia hakimiliki nchini, kabla ya kurekodi hadithi ya wazee kwa ajili ya kuuza. Yale matoleo yenu, nyimbo mlizotunga na mpangilio wenu, yawekeeni kumbukumbu ya video yenye tarehe.

Kwa miezi mitatu ijayo, basi, msitafute onyesho lolote. Kusanyeni hadithi kumi, chagueni tatu, moja wapo iwe ya Mbegha kwa kuwa watu wa mkoa wenu watabishana nanyi juu yake, na zifanyieni mazoezi chini ya mti ambako wapitaji wanaweza kukaa. Hao wenzenu wenye mashaka wapeni nafasi ya zimwi na ngoma yake.